Lori Linatafuta Nini Juu ya Reli?

Kuna video tatu za reli ambazo hazikosi kuzunguka kwenye simu za watu. Ya kwanza ni lori la kawaida, lenye matairi yake ya mpira, likitembea juu ya reli kana kwamba ni treni. Ya pili ni treni ya usiku inayomwaga cheche pande zote mbili, utadhani mafundi mia wanachomelea vyuma chini ya mabehewa. Ya tatu ni treni ya manjano, safi, inayopita kituoni bila kusimama na bila abiria hata mmoja ndani. Chini ya kila video maoni ni yale yale: lori limepotea njia, treni inaungua, pesa zinachezewa. Siku hizi limeongezeka la nne, kwamba hizo ni kazi za akili mnemba tu.

Video zote tatu ni za kweli, na magari yote matatu yako kazini. Yanaonekana ya ajabu kwa sababu moja iliyo rahisi sana. Gari likiugua hupelekwa gereji. Njia ya reli ikiugua haina pa kupelekwa, kwa hiyo gereji ndiyo inayoifuata ilipo. Na kwa kuwa mahali pengi hapafikiki ila kwa kupita juu ya reli yenyewe, gereji hiyo hulazimika kuwa na magurudumu ya treni, kufanya kazi usiku treni zikipungua, na kuondoka kabla ya treni ya kwanza ya alfajiri.

Kwanza majina, maana mkanganyiko mwingi huanzia hapo. Reli ni vile vyuma viwili virefu. Mataruma ni yale magogo ya mbao, chuma au zege yanayolala chini yake na kuvishika visiachane. Kokoto ni mawe yaliyopasuliwa ambamo mataruma hukaa, na chini ya kokoto kuna tuta la udongo. Vyote hivyo kwa pamoja ndiyo njia. Nafasi kati ya reli na reli huitwa geji, na iliyoenea zaidi duniani ni milimita 1,435. Magari ya matengenezo nayo hugawanyika kwa kazi: yapo ya kupima, yapo ya kutibu, na yapo ya kufagia.

Mzee wa ukoo mzima ni kiberenge, kile kigari kidogo cha kubeba wahandisi na mafundi wa njia. Kabla ya injini kilisukumwa kwa mikono: watu wakisimama kukabiliana, wakipandisha na kushusha mpini kama wanaopiga pampu ya kisima. Lugha kadhaa za Ulaya zinakiita kwa jina lililotokana na Karl Drais, Mjerumani aliyeonyesha mwaka 1817 mashine ya magurudumu mawili ya kusukuma kwa miguu, babu wa baiskeli ya leo. Huko Marekani, George Sheffield wa Three Rivers, Michigan, alipata hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, mwaka 1879 ya kigari chepesi cha magurudumu matatu: mawili juu ya reli moja, na mkono mrefu ulioshika gurudumu la tatu kwenye reli ya pili. Inasimuliwa kwamba alikiunda ili kimrudishe nyumbani baada ya kazi, bila ruhusa ya mtu, hadi usiku mmoja alipokuta reli imevunjika akawahi kuisimamisha treni. Labda hadithi imetiwa chumvi. Ila kigari kilinunuliwa, na kwa miaka mingi kukagua reli kulimaanisha jambo hilo hilo: mtu, kigari, na macho mawili.

Kwa nini macho hayatoshi? Kuna kitu ambacho watu wengi hawakifikirii. Godoro lililobonyea katikati linaweza kuonekana limenyooka kabisa mpaka mtu alale juu yake. Njia ya reli ni hivyo hivyo. Taruma linaweza kuwa linaning'inia hewani, limeshikwa na reli tu, na kati yake na kokoto kukawa na pengo. Anayepita kwa miguu haoni kitu. Treni nzito ikipita, taruma linazama, kisha linarudi juu, na mchezo huo unaendelea kila siku hadi kitu kikatike. Ndiyo maana magari mengi ya kupima yana uzito wa behewa kamili: lazima yalale juu ya godoro.

Yanachopima si geji peke yake. Yanapima kama reli mbili zina urefu sawa kutoka chini, kama zimenyooka, na kama kona imeinuliwa upande wa nje kiasi kilichokusudiwa. La hatari zaidi, kwa maoni yangu, ni lile lisilo na jina zuri kwa Kiswahili, tuliite msokoto. Fikiria meza ya miguu minne kwenye sakafu iliyopinda: mguu mmoja hubaki hewani na meza huchechemea. Behewa nalo lina pembe nne. Reli ya kushoto ikipanda kidogo hapa, na mita chache mbele ikapanda ya kulia, gurudumu moja hupunguziwa mzigo. Gurudumu lisilo na mzigo ni rahisi kupanda juu ya reli, na likishapanda, treni imetoka njiani. Springi za behewa husaidia, lakini kwa mipaka.

Sasa tuirudie ile treni ya manjano. Ya Japani, inayojulikana kama Doctor Yellow, ina mabehewa saba, na ilijengwa kufika kilomita 270 kwa saa ili ipite katikati ya treni za mwendo kasi bila kuzichelewesha. Ratiba yake haitangazwi, na hadi moja kati ya mbili zilizokuwepo ilipostaafu Januari 2025, ilipita takriban mara moja kila siku kumi; kwa sababu hiyo Wajapani wengi husema kuiona ni bahati njema. Uingereza inayo yake tangu 2003, ya manjano pia, iliyotengenezwa kutokana na treni za abiria za zamani. Ufaransa iliigeuza treni moja ya TGV, treni zake za mwendo kasi, kuwa IRIS 320, na tarakimu hiyo ndiyo mwendo wake wa kupimia: kilomita 320 kwa saa. Ndani ya treni hizi, mahali pa viti, kuna kamera, leza, kompyuta, na vipimo vinavyohisi kila mtikisiko na kuandika ulitokea wapi hasa. Kwa hiyo jibu la wanaouliza abiria wako wapi ni kwamba abiria ni vipimo.

Treni hizo huangalia juu pia, kwenye waya wa umeme. Hapa kuna jambo ambalo wengi hudhani ni uzembe wa mafundi: ukitazama kwa makini, waya haukufungwa kwa kunyooka, umeyumbishwa kushoto na kulia kutoka nguzo hadi nguzo. Umefanywa hivyo makusudi. Ungenyooka, ungesugua kile kifaa cha juu ya treni kinachopokea umeme mahali pamoja tu hadi ukichimbe mfereji. Kwa kuyumba, unakisugua kote kwa usawa. Treni ya kupima hukagua kama waya umeyumba kiasi kinachotakiwa.

Kabla ya leza, mahandaki yalipimwa kwa kitu cha kuchekesha. Lilikuwa behewa lililozungushiwa vijiti vingi vinavyochomoza pande zote, kama nungunungu aliyekasirika. Lilivutwa polepole ndani ya handaki, na kila kijiti kilichogusa ukuta kiliinama na kubaki hivyo. Mpimaji akisoma vijiti alijua mzigo wa upana gani utapita na upi utakwama. Hakukuhitajika umeme wala hesabu ngumu.

Kuna ugonjwa, hata hivyo, ambao si jicho, si leza, si nungunungu anayeweza kuuona, kwa sababu uko ndani ya chuma. Agosti 1911, karibu na Manchester katika jimbo la New York, reli ilivunjika chini ya treni ya abiria na watu 29 wakafa. Uchunguzi ulikuta ufa uliokuwa umekua moyoni mwa reli bila kufika juu. Elmer Sperry, mvumbuzi aliyejulikana zaidi kwa dira za meli, alilishika tatizo hilo, na mwaka 1928 gari lake la kutafuta nyufa likaanza kazi. Lilipitisha umeme mwingi ndani ya reli. Umeme ukikutana na ufa hulazimika kuuzunguka, kama maji ya mto yanavyolizunguka jiwe, na mzunguko huo huvuruga nguvu ya sumaku iliyo juu ya reli. Gari liliusikia mvurugo huo na kuuandika kwenye karatasi.

Leo chombo kikuu ni mawimbi ya sauti, yale yale ya altrasaundi ya hospitali. Mama mjamzito hupakwa jeli ili sauti isipotee hewani kabla ya kuingia mwilini. Reli humwagiwa maji kwa sababu hiyo hiyo. Sauti huingia, ikikuta ufa hurudi mapema, na kompyuta huhesabu kina chake. Ndiyo sababu gari la kutafuta nyufa huonekana likivuja maji njia nzima. Halivuji.

Ila kuona ugonjwa si kuutibu. Tarehe 17 Oktoba 2000, treni iliyokuwa ikitoka London kwenda Leeds ilianguka Hatfield, Uingereza, watu wanne wakafa, na reli ikakutwa imevunjika vipande zaidi ya 300. Nyufa zile zilikuwa zinajulikana. Reli za kubadilishia zilikuwa zimeshapatikana, ila hazikuwa zimefungwa. Mtu akiniambia kwamba teknolojia mpya ya ukaguzi itamaliza ajali za reli, huwa nakumbuka hilo kwanza.

Basi tuje kwenye yale ya kutibu, ambayo ndiyo yenye maumbo ya ajabu zaidi. Linalofanya kazi kubwa kuliko yote ni mashine ya kushindilia kokoto. Umewahi kuona mtu akisimika nguzo ya uzio? Huiweka shimoni, hurudishia udongo, kisha huchukua mti mzito na kushindilia pembeni mwa nguzo hadi isitikisike. Mashine hii hufanya hivyo kwa taruma. Huishika njia nzima, reli na mataruma yake, na kuinyanyua hadi usawa unaotakiwa. Halafu vidole vya chuma huzama kwenye kokoto pande zote mbili za taruma, vikitetemeka mara kama 35 kwa sekunde, na kubana mawe yaingie chini ya taruma kujaza pengo. Kisha hutoka, mashine husogea, na kazi huanza upya kwenye taruma linalofuata. Katika mashine kubwa za kisasa, nyingi zikiwa za Austria, mwili wa mashine hausimami kabisa: sehemu ya chini yenye vidole ndiyo inayosimama, kufanya kazi, kisha kuruka mbele kuuwahi mwili. Ukiitazama kwa mbali utadhani ni mdudu mkubwa anayekula reli.

Tiba hii ina madhara yake, na mafundi wanayajua. Kila vidole vikizama huvunja ncha za mawe. Mawe makali hukamatana. Yakishakuwa mviringo huteleza, na unga wake huziba nafasi ambazo maji yalikuwa yakipitia. Mwishowe huletwa mashine nyingine yenye mnyororo unaopita chini ya njia, njia ikiwa pale pale, ukichota kokoto zote, kuzipandisha kwenye chekecheo, kurudisha zilizo nzima na kutupa uchafu. Na ikiwa mataruma yenyewe yamechoka, kuna treni ndefu ambayo magurudumu yake ya mbele yako kwenye njia ya zamani na ya nyuma kwenye njia mpya. Katikati, chini ya tumbo lake, hakuna njia kabisa: mataruma ya zamani yanaondolewa na mapya yanalazwa, huku treni ikisonga. Ni kama kukata tawi ulilokalia, ila unapanda lingine kwa wakati uo huo.

Jambo jingine linalowachanganya abiria ni kwamba baada ya matengenezo treni huamriwa kwenda polepole. Mbona imetengenezwa na bado tunatambaa? Ni kwa sababu kokoto zilizotoka kushindiliwa bado hazijakaa sawasawa, na kokoto ndizo zinazoizuia reli isipinde wakati wa joto. Kilomita moja ya chuma hutaka kurefuka milimita kama 11.5 kwa kila nyuzi moja ya joto. Joto likipanda nyuzi 30, huo ni urefu wa zaidi ya rula ya shule. Reli za siku hizi zimechomelewa kuwa kitu kimoja kirefu, haziachi mianya, kwa hiyo urefu huo hauna pa kwenda. Hugeuka kuwa msukumo unaosubiri udhaifu. Kokoto zikiwa zimelegea, njia inaweza kufyatuka upande kama nyoka. Ndiyo maana nyuma ya mashine ya kushindilia mara nyingi hufuata nyingine inayoishika njia na kuitikisa kwa nguvu kulia na kushoto, ili mawe yakae kama ambavyo yangekaa baada ya treni nyingi kupita.

Na zile cheche? Ni treni ya kusaga reli. Chini yake kuna mawe ya kusagia yanayozunguka kwa kasi, yamepangwa kwa pembe tofauti, yakiondoa ngozi nyembamba sana juu ya reli, chini ya milimita moja. Nyufa nyingi huanzia juu, pale gurudumu linapokanyaga, zikiwa ndogo kama za mkono uliokauka. Ukizipiga msasa mapema hazipati nafasi ya kushuka ndani. Zikishashuka, dawa ni kukata kipande kizima. Treni hiyo hubeba maji ya kuzima moto, kwa kuwa cheche na nyasi kavu havipatani.

Wafagiaji nitawapitia haraka, isipokuwa mmoja anayeonewa. Kampuni za reli za Uingereza zikisema treni zimechelewa kwa sababu ya majani ya miti, watu hucheka. Wasicheke. Jani lililosagwa na magurudumu elfu moja hugeuka kuwa utando mweusi, mgumu, wenye utelezi, na treni huteleza wakati wa kufunga breki. Hutumwa treni maalumu zinazorusha maji kwa mgandamizo wa hadi bar 1,500, wakati tairi la gari dogo lina kama bar mbili. Theluji nayo ina majembe yake ya kuzunguka, na Wamarekani walifikia hatua ya kufunga injini za ndege za jeti kwenye behewa ili kuipuliza. Chombo kimoja cha aina hiyo huko Boston kinaitwa Snowzilla.

Vichekesho havijaisha. Julai 2024 kampuni moja ya reli ya Japani ilianza kutumia roboti lenye kichwa na mikono, lililowekwa juu ya gari linaloweza kutembea kwenye reli, kwa ajili ya kazi za kwenye nyaya za juu. Hufika mita 12 na kubeba kilo 40. Fundi hukaa ndani ya gari, amevaa miwani ya kumwonyesha anachokiona roboti, akiendesha mikono yake.

Limebaki lori. Ukilitazama vizuri utaona kwamba mbele na nyuma lina vigurudumu vidogo vya chuma vinavyoshushwa likishafika mahali barabara inapokata reli. Vigurudumu hivyo ndivyo vinavyoliongoza. Katika mengi, matairi ya mpira ya nyuma bado yanagusa reli na ndiyo yanayosukuma na kufunga breki. Usukani hauna kazi. Dereva haruhusiwi hata kuuchezea. Faida yake ni kwamba fundi anaendesha barabarani hadi karibu na tatizo, anapanda reli, anafanya kazi, anashuka, anakwenda zake.

Hatari yake ndiyo isiyoonekana kwenye video. Kwenye njia nyingi, taa za ishara hujua treni ilipo kwa umeme mdogo unaopitishwa kwenye reli moja na kurudi kwa nyingine. Treni ikiingia, ekseli zake za chuma huunganisha reli mbili, umeme hukatiza pale, na taa ya nyuma yake huwa nyekundu. Utando wa majani huweza kuuzuia mguso huo, na ndiyo sababu nyingine ya kuusafisha. Lori la reli na kiberenge mara nyingi huwekewa vizuizi makusudi ili visiunganishe umeme huo, visije vikafunga vivuko vya barabara na kuvuruga ishara kila vinapopita. Maana yake ni kwamba mfumo hauvioni. Kwa taa za ishara, njia ni tupu. Kinachomlinda fundi ni ruhusa aliyopewa na msimamizi wa safari za treni, kituo kwa kituo, na saa ya kuirudisha.

Kwa hiyo katika nchi kadhaa fundi wa njia hubeba mfukoni au garini kifaa ambacho hakuna anayekipiga picha: waya mfupi wenye kibanio kila ncha. Akikuta njia imeziba, hubana ncha moja kwenye reli hii na nyingine kwenye reli ile, na taa hugeuka nyekundu kana kwamba pale pamesimama treni nzima.